Ugonjwa Ukiingia Mtaani: Kipi Uweke Mtandaoni na Kipi Ubaki Nacho

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Alikuwa hapa kwetu Arusha: mwanamke Mtanzania wa miaka 46, ametua uwanja wa ndege wa KIA siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Tangazo lilitoa umri, nchi aliyotoka na siku aliyofika, na kwa kazi ya kiafya hayo yalimtosha mwananchi. Kwenye simu zetu hayakutosha. Jioni ile wachache waliuliza namna ya kujikinga. Wengi tuliuliza ni nani, anakaa wapi, alipanda taksi ya nani.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliouliza. Mwaka uliofuata ikawa zamu yangu.

Februari 2021 mama mkubwa, anayeuza raba za mitumba pale Memorial, Moshi, alilazwa ghafla. Nyakati zile kila mtu alikuwa na "changamoto ya upumuaji" na hakuna aliyetaka kutamka zaidi ya hapo. Nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, kwa hofu na kwa nia njema kabisa, nikaandika kwenye kundi la ukoo lenye watu themanini na kitu:

"Ndugu zangu, mama mkubwa amelazwa tangu jana usiku, wodi ya wanawake kitanda cha 6, anapumulia mashine. Madaktari hawasemi ila inaonekana ni ile kitu. Wiki nzima alikuwa dukani anakohoa. Tumuombee. Namba yake ni hii, mwenye chochote amtumie." Nikaweka na picha, barakoa ya oksijeni usoni.

Kufika saa moja usiku picha ilikuwa kwenye kundi la wafanyabiashara wa sokoni. Saa tatu mpangaji wake wa Pasua alimpigia binti yake kuuliza kama ahame. Asubuhi dada wa kazi alikuwa ameshapanda gari kurudi kwao. Mgonjwa mwenyewe hakuwa na habari; alikuwa anahangaika kuvuta pumzi.

Ujumbe ule ninao mpaka leo. Hatua zifuatazo zimetokana nao, sentensi kwa sentensi.

Hatua ya 1: Mhudumu wa afya mwambie kila kitu

Naanza na hili kwa sababu mtu akishaonywa kuhusu faragha huwa anafunga mdomo hata pale anapotakiwa kuufungua. Daktari, muuguzi, ofisa afya wa kata na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba ni watu wa kuambiwa ukweli wote: ulikuwa wapi, ulipanda Hiace gani kutoka Himo, ulikula msiba wa nani, nani alilala chumba kimoja na wewe. Magonjwa kama Marburg yanaweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla ya kujionyesha, ndiyo maana wanaokugusa wanafuatiliwa siku zote hizo. Jina utakaloficha kwa aibu ni mtu ambaye hatafuatiliwa.

Andika orodha kwenye karatasi kabla hawajafika. Majina, namba za simu, siku. Karatasi hiyo wape wao mkononi, na usiipige picha "ili isipotee."

Ukiwa na dalili na hujui pa kuanzia, piga 199, ni bure, ni ya Wizara ya Afya. Namba hiyo hiyo itakusaidia akipiga mtu asiyejulikana akijitambulisha kuwa ni ofisa wa ufuatiliaji: muulize jina na kituo chake, kata simu, ulizia 199 au zahanati ya kwenu. Anayefuatilia wagonjwa hana sababu yoyote ya kukuomba namba ya siri ya pesa wala tarakimu sita za uthibitisho zilizoingia kwenye ujumbe wako.

Hatua ya 2: Msemaji awe mmoja, na kundi liwe dogo

Kosa langu la kwanza lilikuwa ni wingi. Watu themanini ni mkutano, na katika mkutano huo kuna shemeji ambaye dada yake ana meza Memorial. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mmoja alimwambia mmoja tu anayemwamini.

Siku hizi mtu akiugua tunafungua kundi jipya la watu watano au sita: mwenzi wake, watoto wakubwa, ndugu anayelala hospitalini, anayeshika pesa. Mmoja wao, na ni mmoja tu, ndiye anayepeleka habari kwenye kundi la ukoo, la jumuiya au la kazini. Mgonjwa akiwa na fahamu, aulizwe yeye amtake nani. Mama mkubwa angeulizwa angemchagua mwanawe wa pili, ambaye ni mgumu wa maneno kama jiwe la Meru. Asingenichagua mimi.

Ujumbe wa kwenda ukoo sasa unasomeka hivi:

"Shikamooni wazee wetu, habari zenu wengine. Mama mkubwa hajisikii vizuri, yuko chini ya uangalizi wa madaktari. Kwa sasa wageni hawaruhusiwi. Habari zitaletwa hapa kila jioni na Fulani. Tafadhali msimpigie mgonjwa. Tuzidi kumwombea."

Hospitali haikutajwa. Mtu wa mbali anaweza kuona hilo ni kujificha kupita kiasi, lakini kwetu huku kutaja hospitali mara nyingi ni kutaja ugonjwa. Ukisema fulani amepelekwa Kibong'oto, mtu wa Kilimanjaro hakuulizi anaumwa nini. Tangu 1926 hospitali ile ya Siha imejulikana kwa kifua kikuu, ingawa leo inashughulika na magonjwa ambukizi ya namna nyingi. Ukisema "nimemwona CTC," yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, umeshamaliza maneno yote. Jina la wodi linafanya kazi hiyo hiyo.

Tena sentensi ile ya "inaonekana ni ile kitu." Sikuwa na kipimo wala cheti cha daktari. Nilikuwa na hofu tu, nikaiandika kama jibu la maabara.

Hatua ya 3: Kipimo cha bodaboda

Wengi hujitetea kwamba "jina sijataja." Tazama ujumbe kama huu: "Jamani kuna dada mmoja mtaa wa Sakina, mwalimu wa chekechea, mumewe anaendesha watalii, wamerudi juzi kutoka Bukoba, mtoto ana homa kali na madoa. Kaeni chonjo."

Jina halimo. Sasa nenda kijiwe cha bodaboda cha Sakina, msomee dereva maneno hayo. Kama anaweza kukufikisha mpaka getini, umetaja jina.

Kipimo hiki nakitumia kwa kila ninachotaka kuandika, kiwe changu au cha mwingine. Toa kazi. Toa mtaa. Toa safari. Toa kabila na kanisa au msikiti. Ukibakiwa na "mtoto ana homa," basi hakuna habari ya kuwapa watu, na hilo lenyewe ni jibu: ulichotaka kupeleka hakikuwa tahadhari, kilikuwa ni mtu. Tahadhari ya kweli haihitaji mtu ndani yake. "Chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni, anayeharisha apelekwe kituoni haraka" inamsaidia jirani wa Unga Limited bila kumwambia ni nyumba ipi imeugua.

Hatua ya 4: Karatasi

Hapa ndipo watu wanaumia bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chanjo ya korona ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, waliochanjwa walianza kurusha picha za kadi na vyeti vyao. Nia ilikuwa nzuri, kuwatoa wengine hofu. Lakini cheti kina jina kamili, kinaweza kuwa na namba ya kitambulisho au ya pasipoti, na kina ule mraba wa madoadoa wa kuskani, ambao simu yoyote inaweza kuusoma hata kutoka kwenye picha.

Kuhusu NIDA, namba ya kitambulisho cha taifa, kuna jambo ambalo nikiwaeleza watu huwa wanatoa kitambulisho mfukoni kuhakikisha. Namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa 5 Juni 1988 namba yake inaanza 19880605. Kwa hiyo ukifunika zile nane za mwanzo ukaacha zilizobaki, huku ukurasani kwako watu wanakutakia heri ya kuzaliwa kila Juni, hujafunika kitu. Na laini za simu zinasajiliwa kwa namba hiyo pamoja na alama za vidole. Piga *106# mara moja moja uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Fomu ya maabara ina majina matatu, umri, jinsia, namba ya faili, jina la aliyepima na tarehe. Risiti ya dawa nayo inasema mengi, maana anayejua dawa anajua ugonjwa.

Ikiwa lazima upige picha karatasi:

Funika kwa kitu halisi kabla ya kupiga. Kipande cha boksi, sarafu, kidole. Kilichofunikwa mezani hakiwezi kufunuliwa kwenye simu.

Kama picha ilishapigwa, tumia umbo jeusi lililojaa, usitumie kalamu ya kung'arisha maandishi. Kalamu ile ina uwazi. Ukiipitisha mara tatu utaona weusi mtupu, lakini mtu akiongeza mwanga wa picha maandishi yanarudi. Nimejaribu kwa risiti yangu mwenyewe mbele ya wanafunzi wa kompyuta pale Kaloleni, ikasomeka mpaka bei ya panadol.

Baada ya kufunika, piga skrinshoti ya hiyo picha na utume skrinshoti. Kisha ikuze uangalie pembeni: jina lako linaweza kuwa limejirudia chini kwenye mhuri.

Ila swali langu la kwanza kwa anayeniuliza namna ya kufunika huwa ni hili: picha ni ya nini? Ukiandika "nimechanja, mkono uliuma siku moja, sasa niko sawa" wanaokufahamu watakuamini bila cheti.

Hatua ya 5: Picha za mgonjwa, wodi na msiba

Aliyelala na mrija puani hawezi kukubali wala kukataa. Subiri aweze. Mtoto hata akikubali, atakua; picha itamfuata mpaka sekondari.

Angalia nyuma ya picha kabla ya kutuma: mgonjwa wa kitanda cha pili, ubao wa majina, faili mezani, bango la wodi. Mama wa kitanda cha 7 alionekana vizuri kabisa kwenye picha yangu, na mpaka leo sijui kama watu wake waliiona.

Picha inabeba pia mahali ilipopigwa, ikiwa kamera ya simu imeruhusiwa kutunza eneo. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huyaondoa hayo, lakini ukiituma kama hati ili "isipoteze ubora," yanakwenda nayo yote. Zima eneo kwenye kamera, mambo yaishe.

Kwenye msiba wa wakati wa mlipuko, wanaozika kwa mavazi maalumu wanavutia kamera. Acha simu mfukoni. Ukoo ule una maisha baada ya kaburi, wana duka, wana binti anayetarajia kuposwa.

Hatua ya 6: Mchango

Hapa huwezi kuficha kila kitu, maana anayetoa anataka kujua anamtolea nani. Lakini kujulikana na anayetoa ni tofauti na kujulikana na kila aliyefowadiwa.

Usitoe namba ya mgonjwa. Toa ya mweka hazina, mtu mzima asiyekuwa wodini, mwenye moyo wa kupokea simu sabini. Mtu akiingiza namba yoyote kwenye huduma ya pesa za simu, jina la aliyesajili laini linatokea kabla hajathibitisha. Kwa hiyo namba peke yake ni jina kamili, na tapeli akishakuwa na namba, jina, na habari kwamba una mgonjwa, amepata alichokuwa anakikosa. Ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" tulishauzoea tukawa tunaucheka. Ukija kama "mimi ni nesi wa zamu, mama yako anahitaji dawa haraka, duka linafunga," hatucheki. Binti wa mama mkubwa alipigiwa simu ya namna hiyo siku ya tatu. Alikuwa ameshafika kwa wakala.

Ujumbe kama huo usiufute tu. Upeleke kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli. Na weka desturi ndani ya familia: hakuna pesa inayotoka kwa simu ya mtu mpya mpaka anayelala hospitalini apigiwe kwanza.

Orodha ya michango yenye majina na viwango ibaki kwenye kundi la mchango. Tangazo likiisha kazi, lifute.

Hatua ya 7: Simu yenyewe

Haya ni ya dakika kumi, ukiwa umekaa. Ingia kwenye faragha ya WhatsApp, ruhusu watu unaowajua tu wakuongeze kwenye makundi. Weka uthibitisho wa hatua mbili wenye namba ya siri. Chagua nani anaona stetasi. "Watu wote niliowahifadhi" ni pamoja na fundi sinki wa 2017. Zima kushiriki eneo kwa wakati halisi, wengi waliliwasha wakielekeza bodaboda wakasahau. Simu ya mgonjwa ifungwe na iwekwe kwa mtu mmoja.

Hatua ya 8: Habari za watu wengine

Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 WhatsApp inakuruhusu kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Uvivu huo umetuokoa sana. Usiuzunguke kwa kunakili na kubandika.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha habari za uongo kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2020 ziliingiza kwenye makatazo habari za mlipuko wa ugonjwa zisizoidhinishwa na mamlaka. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Nasema wazi kwamba sipendi sheria zinazomfanya mtu aogope kusema kaona ugonjwa. Tulikaa kimya sana 2020 na 2021, tukapiga nyungu, tukazika, tukaita kila kitu nimonia. Ukimya nao uliua. Kwa hiyo ukiona jambo, liseme, ila lipeleke kwa mwenye kazi nalo: zahanati, ofisa afya, 199, mwenyekiti wa mtaa. Marburg ya Bukoba ya Machi 2023 na ya Biharamulo ya Januari 2025 zilidhibitiwa kwa watu kutafutwa mmoja mmoja na kufuatiliwa, kazi ambayo inaharibika pale aliyetajwa kwenye kundi anapozima simu na kutoroka usiku.

Anayetaka kusimulia ugonjwa wake mwenyewe, asimulie. Namheshimu. Ushauri wangu ni asubiri apone, aandike akiwa ameshiba na amelala, na amwonyeshe kwanza anayekaa naye nyumba moja, kwa sababu hadithi ni yake lakini geti ni la wote.

Hatua ya 9: Ikishavuja

Futa kwa wote mara moja. WhatsApp inakupa kama siku mbili na zaidi kidogo. Muda ukipita, au kama aliyetuma ni mwingine, mwombe admini wa kundi, yeye ana uwezo wa kufuta ujumbe wa yeyote. Kabla haujafutwa piga skrinshoti inayoonyesha nani alituma na saa ngapi. Itafaa ukienda polisi au ukipeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Usijibishane kwenye kundi. Kila jibu linaipandisha picha juu, na walioipita wanairudia. Mpigie aliyesambaza, kwa sauti, kwa heshima: "Dada, shikamoo. Ile picha ni ya mama yetu. Naomba uitoe, na uwaombe uliowatumia waitoe." Mimi nilipiga simu kumi na moja. Tisa walitoa bila ubishi. Mmoja alisema anawalinda wateja. Mmoja hakupokea.

Kisha nenda kwa miguu. Nilikwenda kwa mpangaji Pasua na ofisa afya wa kata, aliyemweleza ana kwa ana cha kufanya na cha kuacha, na mpangaji hakuhama. Nikaenda kwa mwenyekiti wa soko. Mwisho nikaenda kwa mama mkubwa, ameshatoka, amekaa kwenye kibaraza na shuka mabegani, nikamwonyesha ujumbe wangu. Alisoma polepole, miwani ikiwa puani.

"Kitanda cha 6," akasema. "Hata kitanda, mwanangu?"

Alirudi Memorial baada ya wiki tatu. Siku mbili watu walipita meza yake wakiangalia upande wa pili. Siku ya tatu alikuja yule dada ambaye hakupokea simu yangu, akachagua raba za mtoto, akalipa bei ya kwanza aliyotajiwa.